Jina la Tano

Hapo zamani, chama kilipoasisiwa huko Kwemtindi, mji wa milimani, waliokuwapo walikuwa hawa.

Yohana Semkunde, karani wa baraza la Jumbe, alikuwapo. Selemani Shekue, dresa wa zahanati, mfunga vidonda, alikuwapo. Ruben Mntangi, fundi seremala, alikuwapo. Damari Hiza, mke wa Ruben, alikuwapo, na nyumba walimokutana ilikuwa yake na mumewe.

Hao ni watu wanne, na ruhusa ya Bwana Shauri, mkuu wa boma la serikali, ilikuwa ya watu wanne kukutana. Lakini tarishi wa boma, aliyekuwa amejibanza nje chini ya upenu akingoja mvua ipungue, aliapa baadaye kwamba alisikia mtu wa tano akiitwa, na kwamba huyo wa tano aliitika. Jina lake lilikuwa Elia Singano.

Sasa, Elia Singano alikuwa nani?

Alikuwa mwalimu wa hao wanne. Wengine humwita Elias, si sahihi. Alibatizwa Elia, na baba yake alikuwa Singano Mdoe. Alifundisha katika banda la nyasi, watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wakikaa benchi moja. Kila asubuhi aliita majina bila kutazama kitabu. Alisema jina la mtu hukaa kichwani mwa anayemjali, na kwamba ukihitaji karatasi ili ulikumbuke, basi huyo kwako bado ni mgeni. Aliita jina la mtoto na jina la baba yake, mtoto akasimama na kusema, "Nipo." Aliyechelewa hakuchapwa.

Lakini ilikuwapo sheria moja ambayo haikuvunjwa bure. Mtoto akimwitikia mwenzake asiyekuwapo, Mwalimu alimwambia, "Ukiitika jina la mtu, umechukua na mzigo wake." Siku nzima mtoto huyo alifanya kazi zake na kazi za mwenzake, hesabu zake na hesabu za mwenzake.

Ruben aliijua sheria hiyo kuliko wote. Siku moja Selemani alikwenda kutega ndege, na jina lake lilipoitwa, Ruben aliyekuwa mwoga kuliko watoto wote pale alisema, "Nipo." Siku ile walikuwa wakibeba mawe ya msingi wa shule mpya. Ruben alibeba mawe yake, kisha akabeba ya Selemani. Jioni Mwalimu akamuuliza kama yalikuwa mazito. Ruben akasema yalikuwa mazito. Mwalimu akasema, "Ndivyo jina la mtu lilivyo," akampa ndizi mbili, moja yake na moja ya Selemani.

Kisha vita vikaja. Askari walifika shuleni wakitafuta wapagazi, wakamtaka Mwalimu aite majina ya wavulana wakubwa, kila mmoja asimame alipo. Mwalimu akasema kwamba majina yale anayaita asubuhi ili watoto wasome, hana kazi nyingine nayo. Wakamtwika yeye mzigo. Alishuka mlimani na sanduku la risasi kichwani, ukungu ukamfunika kwenye kona ya kwanza. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, hakuna aliyeonyeshwa kaburi, na matanga yake hayakuwekwa, kwa kuwa ndugu zake waliona ni kama kumwua kwa mikono yao.

Serikali ya wakati ule ikaondoka, ikaja nyingine. Watoto wakawa watu wazima. Yohana, ambaye ndiye aliyelifikiria jambo hili kwanza, alitaka kiasisiwe chama cha kumheshimu Mwalimu: wafungue darasa la watu wazima wakati wa alasiri, wafundishe kama alivyofundisha, bila kiboko, wote benchi moja. Lakini mwaka ule ulikuwa mbaya. Serikali ilikuwa imewalazimisha watu kulima matuta milimani, na vijiti vya kupimia matuta vilikuwa vikipandwa mchana na kung'olewa kabla ya asubuhi. Watu walikuwa wanakamatwa. Jina la mtu aliyewahi kuikataa amri ya askari halikuwa jina la kupeleka boma, maana nani ajuaye kama serikali mpya haikurithi hasira ya ile ya zamani?

Ruben hakukitaka chama. Alisema tusome tu, chama cha nini, na akikaa karibu na dirisha alikuwa akitazama nje zaidi ya ndani. Mwishowe wakakubaliana kwamba boma lipelekewe jina la Chama cha Kusomesha Watu Wazima Kwemtindi na si jingine. Jina la Mwalimu lisiandikwe popote. Litaishi mdomoni tu, kama alivyokuwa akiyaweka ya kwao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwamba siku ya kuasisi, mvua ikinyesha na ukungu ukiwa umekaa mlangoni, Yohana alisimama akaita majina kama yalivyoitwa zamani.

"Selemani wa Shekue."

"Nipo."

"Ruben wa Mntangi."

"Nipo."

"Damari wa Hiza."

"Nipo."

Akaliita na jina lake mwenyewe, akajiitikia, wakacheka. Kisha, bila kupanga, ulimi wake ukaendelea peke yake. "Elia wa Singano."

Mvua ikasikika. Halafu sauti ya mtu mzima, nzito, yenye kikohozi kidogo mwanzoni kama Mwalimu alivyokuwa nacho, ikasema, "Nipo."

Wakamgeukia Selemani, ambaye tangu utoto alijua kuigiza sauti ya kila mtu. Damari akacheka mpaka akajifuta machozi, akamwambia, "Shemeji, wewe utakuja kuigiza sauti ya malaika siku ya kiama, utupoteze sote." Selemani hakucheka. Alikuwa ameshika koo lake. Yohana alipomuuliza njiani wakirudi, alisema, "Mdomo ulikuwa wangu, Bwana Karani. Sauti sikuitambua."

Yohana hakulala vizuri tangu siku hiyo, na sababu ya kutolala ikaja upesi. Bwana Shauri alimwita boma. Alikuwa mgeni, hajamaliza hata kuwajua watu kwa sura. Akamuuliza Elia Singano ni nani. Yohana akasema kweli, kwamba ni mwalimu wao wa zamani, na kwamba alikwisha kufa.

"Kaburi lake liko wapi?"

Yohana hakuwa na kaburi la kuonyesha.

"Basi nani aliitika?"

Hapo Yohana aliuona mlango mdogo ukifunguka mbele yake. Bwana Shauri alimwambia taratibu, karibu kwa upole, kwamba karani mwaminifu hupandishwa cheo, na kwamba anachotaka ni jina moja tu. Yohana akafikiri juu ya Selemani, ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Akafikiri juu ya banda la nyasi na askari waliosimama mlangoni. Akasema, "Bwana, jina hilo sina."

"Maiti haitikii," akasema Bwana Shauri. Kwake jambo lilikuwa wazi: kuna mtu amejificha milimani, ana sauti ya mzee, anawafundisha watu kung'oa vijiti. Siku ya gulio atakuja mwenyewe na askari. Elia Singano asipotokea, wote wanne watachukuliwa, darasa litafungwa, na vijana wa Kwemtindi watakwenda kulima barabara bondeni hadi atakapotokea. Yohana akatoka boma akiwa hana kazi.

Habari ikaenea, na hofu ikaenea kuliko habari. Wanawake waliochota maji walisema walisikia majina yakiitwa ndani ya ukungu. Mzee mmoja kipofu, aliyesoma kwa Mwalimu kabla ya macho yake kupotea, alikaa nje ya nyumba yake akisema "Nipo" kila upepo ulipopita, wanawe wakamwingiza ndani kwa nguvu. Watu walifunga milango mapema. Aliyegonga hakujibiwa mpaka ataje jina lake, na alipolitaja, wa ndani walisita kama wamfungulie.

Siku ya gulio ikafika. Hakuna aliyeuza wala kununua. Watu wote walikusanywa uwanjani mbele ya baraza, na askari wakasimama nyuma yao. Jumbe Kibanga, aliyewajua watu wake hata kwa kikohozi, aliketi kando ya Bwana Shauri akitazama vidole vya miguu yake.

Yohana alisimama mstari wa mbele. Kulia kwake alikuwa Damari, kushoto Selemani, na kushoto kwa Selemani alikuwa Ruben. Ruben alikuwa akitetemeka waziwazi, hata Selemani akamshika mkono.

Bwana Shauri akaita.

"Yohana Semkunde."

"Nipo."

"Damari Hiza."

"Nipo."

"Selemani Shekue."

"Nipo."

"Ruben Mntangi."

Kimya. Yohana akafikiri Ruben hakusikia kwa hofu. Akageuza kichwa. Ruben alikuwa amesikia. Alikuwa anatazama mbele, midomo imefungwa, na mkono aliokuwa ameshikwa alikuwa ameutoa.

"Ruben Mntangi," akaita Bwana Shauri mara ya pili. Kisha akamwambia askari mmoja kwamba huyo ametoroka, atafutwe. Hakuna mtu uwanjani aliyesema neno. Damari alifungua mdomo, Yohana alimwona, kisha akaufunga na kuweka kiganja juu yake.

"Elia Singano."

Selemani alivuta pumzi. Yohana aliisikia pumzi ile ikiingia, na kwa maisha yake yote hakuweza kusema kama ilikuwa pumzi ya mtu anayetaka kuitika au ya mtu anayetaka kulia. Maana kabla haijatoka, Ruben Mntangi alipiga hatua mbele.

"Nipo," akasema.

Haikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa nyembamba, kama ile ya mtoto aliyebeba mawe. Tarishi akainua uso kana kwamba atasema kitu, akamtazama Jumbe. Jumbe aliendelea kutazama vidole vyake. Bwana Shauri akamuuliza Yohana, kama mtu anayejua majina, "Huyu ndiye Elia Singano?"

Hapa sikilizeni vizuri. Yohana Semkunde hakuwahi kukosea jina la mtu. Aliwahi kumrudisha mlipa kodi nyumbani kwa sababu herufi moja ya jina la babu yake haikuwa sawa. Alimjua Ruben wa Mntangi tangu wakioga mtoni pamoja. Aliulizwa jina, mbele ya watu, na mke wa mtu huyo amesimama kulia kwake.

Yohana akanyamaza. Kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo.

Ruben akafungwa kamba, akashushwa mlimani. Kwenye kona ya kwanza ukungu ukamfunika.

Bwana Shauri aliridhika. Vijana hawakupelekwa bondeni, darasa halikufungwa, na chama kikapata idhini yake kamili. Lakini Damari alipokwenda gereza la bondeni kumpelekea mumewe chakula, aliambiwa hakuna mfungwa anayeitwa Ruben Mntangi. Huyo ni mtoro anayetafutwa. Akarudi na chakula chake. Safari ya pili alisema anamtafuta Elia Singano. Wakamuuliza yeye ni nani wake. Akaogopa kusema mke, asije akafuatwa na kuulizwa ya Ruben. Akasema jirani. Jirani hakuruhusiwa kuingia.

Mwaka ukapita. Chama kikakutana nyumba ileile, mvua ikiwa ileile, na katika benchi alizochonga Ruben walikaa wanachama wapya waliojua sasa kusoma. Kilichowakutanisha kilikuwa jambo moja. Walitaka kila mwaka jina la Mwalimu liitwe, na mtu mmoja aliitike, na kwa sheria ya Mwalimu mwenyewe, aliyeitika achukue mzigo wake: awe mkuu wa darasa na msemaji wa chama, na boma likiuliza, aulizwe yeye. Ilikuwa heshima kubwa, na ya hatari.

Mwanzo hakuna aliyetaka. Kisha Selemani akasimama. Alikuwa amekonda. Alisema jina lile aliliitika yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote, na mzigo wake haukuwahi kumfikia.

"Ruben alinibebea mawe tukiwa watoto," akasema. "Nikanyamaza nikala ndizi. Sasa amenibebea tena, na mtoto wangu amezaliwa nikiwapo. Nipeni mzigo wangu jamani. Siwezi kulala bila mzigo wangu."

Mtu mmoja nyuma akamuuliza kama siku ya gulio alitaka kweli kuitika. Selemani akasema hajui. Akakaa.

Ndipo Yohana akasimama. Alisema kwa utaratibu, kama aliyekuwa akisoma mbele ya baraza. Mwalimu hakupotea kwa sababu ya kuitika, alisema. Mwalimu alipotea kwa sababu ya kukataa kutaja jina. Jambo hilohilo aliombwa yeye chumbani kwa Bwana Shauri, akaonyeshwa cheo, akakataa, na tangu siku ile analima viazi vya watu. "Kama ni kumfuata Mwalimu," akasema, "aliyemfuata ni mimi. Na jina lenyewe ni mimi niliyeliita."

"Uliliita, ndiyo," akasema Damari.

Alikuwa ameketi mbele ya ubao, vidole vyeupe kwa chaki, kwa kuwa mwaka mzima, wakati wanaume walipokuwa wakipita njia za nyuma, ndiye aliyefungua mlango kila alasiri na kufundisha. Askari waliwahi kuingia na kusimama nyuma ya darasa, naye akaendelea na silabi zake, chaki ikikatika mkononi, akichukua nyingine.

"Uliliita jina la Mwalimu, shemeji Yohana," akasema, "na ulipoulizwa la mume wangu hukuwa nalo. Mara moja ulinyamaza ukamwokoa Selemani. Mara ya pili ulinyamaza ukamzika Ruben. Kunyamaza ni kule kule. Mimi siwezi kukutenganisha mtu mmoja ukawa wawili."

Yohana alitaka kumwambia kwamba yeye Damari naye aliweka kiganja mdomoni, na kwamba wangefungua vinywa vyao wangechukuliwa wote, na vijana pia. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuyasema, kwa sababu alijua naye anayajua.

Selemani akasema basi na Damari aitike, maana kazi ya Mwalimu ilikuwa kufundisha, na anayefundisha ni yeye. Wanachama wapya wakakubali kwa sauti, ndiye waliyemjua. Damari akatikisa kichwa.

"Aliyeitika alikwisha kuitika," akasema. "Aliitika mbele ya bunduki, mtu aliyekuwa akiogopa hata mbwa. Jina hilo ni lake, yuko nalo gerezani. Mkimpa mtu mwingine hapa, mtakuwa mmemwibia. Lakini na mimi sitaki alichukue." Akamtazama Yohana. "Likiwa lake, Ruben atakuwa nani? Mimi nitakuwa mke wa nani?"

Mmoja akasema basi jina lisiitwe kabisa. Mwingine akasema jina lisipoitwa, chama ni cha nini. Wakabishana hivyo, huyu akisema Selemani, yule akisema Yohana, wengi wakisema Damari, na wachache wakisema kwa sauti ya chini Ruben, hadi mlango ukagongwa.

Yohana akauliza ni nani. Wa nje akajitaja: Mabruki Feruzi, tarishi wa boma. Safari hii hakujibanza upenuni. Alifunguliwa, akasimama kizingitini maji yakimtiririka, na ukungu ukaingia pamoja naye. Hakumtazama mtu usoni.

Alisema ametumwa na boma. Alisema mfungwa Elia Singano ameaga dunia kwa homa ya mapafu, na anayetaka kwenda kuonyeshwa kaburi na kupokea nguo zake aje sasa. Kisha akauliza kama alivyoagizwa: "Ndugu wa Elia Singano ni nani hapa?"

Yohana alikuwa bado amesimama. Selemani alikuwa ameshika koo lake. Damari alikuwa na chaki mkononi.

Ruben Mntangi, fundi seremala, alifariki siku ya Alhamisi, akazikwa bondeni kwa jina la Elia Singano.

Je, nani alistahili kuitika?